Kiboya Kwenye Mshipi wa Ufukweni: Jinsi ya Kuinua Chambo Kutoka Mchangani

Ukivua kutoka ufukweni kwa chubwi nzito, chambo chako kinaishia pale pale chubwi inapolala: juu ya mchanga. Kaa wanakifikia kwa kutambaa, konokono wanakipanda, mwani unakifunika, na kila wimbi linalopita linakifukia kidogo. Samaki wengi wanaotafuta riziki kwenye mawimbi hupita sentimita chache juu ya hapo. Kiboya kidogo kikipachikwa karibu na ndoana hukitoa chambo mikononi mwa kaa na kukiweka kwenye njia ya samaki. Hiyo ndiyo kazi yake. Rangi zinazong'aa na vikorokoro vingine vinavyouzwa pamoja nacho ni nyongeza tu.

Tuwekane sawa kabla ya kuendelea. Hapa sizungumzii lile boya linaloelea juu ya maji ukalitazama hadi lizame. Boya la juu lina raha yake bandarini na kwenye maji yaliyotulia, lakini kwenye mawimbi yanayovunjika linarudishwa nchi kavu kabla hujamaliza kukaza mshipi. Ninazungumzia kiboya cha milimita 8 hadi 20 kinachokaa chini ya maji, kwenye ule mshipi mfupi wenye ndoana, huku chubwi ikiwa imeng'ang'ania mchanga.

Ndoana ya juu haiko juu

Wavuvi wengi hufunga ndoana mbili, moja karibu na chubwi na nyingine juu yake, wakiamini kwamba ya pili inaning'inia katikati ya maji. Kwenye gati ni kweli, kwa kuwa mshipi unashuka wima. Ufukweni hesabu ni nyingine kabisa. Chukulia umerusha mita 70, na ncha ya fimbo yako iko mita 5 juu ya usawa wa chubwi. Mshipi unapanda sentimita 7 tu kwa kila mita moja. Ndoana iliyofungwa sentimita 90 kutoka kwenye chubwi itakuwa imeinuka kama sentimita 6, tena hapo mshipi uwe umekazwa kama uzi wa gitaa. Ukiongeza mkondo unaoupinda mshipi na mchanga unaopanda kuelekea ufukweni, sentimita hizo zinayeyuka. Ndoana zote mbili zinaburuta tumbo chini.

Kwa hiyo anayetaka chambo kikae juu ya mchanga asitegemee urefu wa seti yake, yaani kile kipande cha mshipi chenye chubwi na ndoana. Anahitaji kitu kinachokielesha chambo chenyewe.

Chagua kiboya kwa nguvu ya kuinua

Dukani tunavutwa na rangi. Anza na swali jingine: kiboya hiki kinabeba nini?

Ndoana ya chuma yenye uzito wa gramu 1, ikiwa ndani ya maji ya bahari, bado ina uzito wa karibu gramu 0.87. Chambo kinashangaza zaidi. Nyama ya samaki au ya ngisi ina uzito unaokaribiana sana na wa maji ya chumvi, hivyo kipande cha gramu 10 kikizama kinabaki na robo hadi nusu gramu tu ya kukivuta chini. Mzigo mkubwa ni ndoana, wala si chambo. Hii ndiyo sababu ukibadilisha ndoana nyembamba kwa nene, kiboya kilichokuwa kinatosha jana kinashindwa leo hata kama chambo ni kile kile.

Upande wa pili wa mizani ni kiboya. Kiboya cha mviringo cha sponji nyepesi chenye kipenyo cha milimita 10 kinainua karibu nusu gramu. Cha milimita 15 kinainua gramu moja na nusu. Cha milimita 20 kinapita gramu tatu na nusu. Ukiongeza kipenyo mara mbili, nguvu ya kuinua inaongezeka mara nane, na ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo kwa macho ni kubwa majini. Kwa ndoana ya gramu 1 na kipande cha ngisi, basi, kiboya cha milimita 15 kinatosha kuinua mzigo wote na kubakiza kidogo. Cha milimita 10 hakitainua, ila kitapunguza uzito, na chambo kitayumba na kunyanyuka kila maji yanapopita badala ya kulala kama jiwe. Hali zote mbili zina faida. Kosa ni kutaka moja ukanunua nyingine.

Sponji ngumu, kama ile ya soli ya kandambili, ni nzuri na inakatika vizuri kwa wembe. Kizibo cha gome, kile cha chupa za mvinyo, kinafaa pia na hakipasuki kikigonga maji. Mbao zinaelea lakini ni nzito zaidi, hivyo kwa ukubwa ule ule zinainua kidogo. Viboya vya plastiki vyenye uwazi ndani vinafanya kazi hadi siku vinapopata ufa na kujaa maji. Hutajua, kwa sababu viko chini.

Jaribio la ndoo halina mbadala. Jaza ndoo maji ya bahari yenyewe (maji yasiyo na chumvi yanainua pungufu kidogo), funga tawi lako, yaani ule mshipi mfupi, likiwa na ndoana, kiboya na chambo halisi utakachotumia, kisha shikilia mwisho wa tawi kwenye sakafu ya ndoo. Tawi likisimama wima na chambo kikaning'inia, una nguvu ya kutosha. Likisimama kwa ukaidi, yaani ukilisukuma linarudi juu mara moja, kiboya ni kikubwa mno na utakilipia kwenye umbali wa mrusho. Likilala, chagua kati ya kiboya kikubwa zaidi na ndoana nyembamba. Mimi huanza na ndoana.

Vifaa

Nailoni ya milimita 0.60 hadi 0.70 kwa shina la seti (mshipi mnene wa katikati unaobeba matawi), na ya milimita 0.45 au 0.50 kwa matawi. Nailoni ngumu kidogo ni bora kuliko laini kwa matawi, maana laini inajisokota kuzunguka shina. Chubwi ya gramu 85 hadi 150: ya umbo la piramidi kwa mchanga laini, au yenye miguu ya waya pale mkondo unapovuta kwa nguvu. Ndoana za duara, zile zenye ncha iliyogeukia ndani, ndizo ninazopenda kwa kazi hii. Swiveli mbili (viungo vidogo vya chuma vinavyozunguka ili mshipi usijisokote), shanga ndogo ngumu zenye tundu dogo, viboya, uzi wa pamba wa kufungia mafundo ya kuzuia, na uzi mwembamba wa mpira wa kufungia chambo.

Tundu la kiboya liwe jembamba. Kama ni pana kuliko fundo, ushanga ndio utakaokishikilia.

Halafu kuna jambo la usalama ambalo halina mjadala. Kati ya seti na mshipi mkuu weka kipande kinene cha kuhimili mrusho. Kanuni inayotumiwa sana ni nguvu ya kilo 4.5 kwa kila gramu 28 za chubwi, hivyo chubwi ya gramu 112 inadai mshipi wa kilo 18. Kipande hicho kiwe kirefu kiasi cha kufanya mizunguko kadhaa kwenye rili na bado kifike kwenye seti inayoning'inia. Chubwi iliyokatika katikati ya mrusho ni risasi kwelikweli, na watu hutembea ufukweni.

Seti ya matawi mawili, hatua kwa hatua

1. Kata mita moja na nusu ya nailoni nene. Mafundo yatakula sehemu yake. Seti iliyokamilika itakuwa na urefu wa sentimita 90 hivi.

2. Funga swiveli upande mmoja. Huu ndio juu. Upande wa chini funga kishikizo cha chubwi.

3. Sentimita 25 kutoka chini, tengeneza kitanzi cha pembeni. Fundo hili ndilo moyo wa seti, basi lifanye taratibu. Kunja mshipi uwe duara la ukubwa wa kiganja. Pale mshipi unapopishana, zungusha ncha moja ya duara kwenye nyingine mara sita, huku ukiacha uwazi mdogo katikati ya mizunguko hiyo: tatu kushoto, tatu kulia. Ingiza kidole au kijiti kwenye uwazi huo usijifunge. Sasa vuta sehemu ya chini ya duara, ipitishe kwenye uwazi, uishike kwa meno. Lowesha kwa mate, kisha vuta pande zote mbili za mshipi polepole kwa mikono miwili. Mizunguko itajipanga kama springi na kitanzi kitatoka pembeni kikiwa kimesimama kwa pembe mraba na shina. Kikitoka kimelala, fumua uanze tena, kwa kuwa kitanzi kilicholala ni tawi litakalojisokota. Kitanzi kiwe na urefu wa sentimita 3.

4. Tengeneza kingine sentimita 45 juu ya hicho.

5. Tayarisha matawi mawili. Funga ndoana kwanza, kwa fundo la kuviringisha shingoni mwa ndoana, ili mshipi utoke ukiwa umenyooka na shina la ndoana. Kisha tunga kwa mpangilio huu kutoka kwenye ndoana: ushanga, kiboya, ushanga. Mwisho funga fundo la kuzuia kwa uzi wa pamba juu ya ushanga wa pili. Fundo hilo liwe la kukaza kwa mkono, litelezeke ukilisukuma na likae ukiliacha, kwa sababu utataka kusogeza kiboya bila kufungua chochote.

6. Malizia tawi kwa kitanzi kidogo, urefu wote ukiwa sentimita 18. Unganisha kitanzi cha tawi na kitanzi cha shina: kimoja ndani ya kingine, ndoana ipite katikati, vuta. Tawi likiharibika unalitoa kwa sekunde chache bila kugusa shina.

Angalia vipimo. Tawi la sentimita 18 na kitanzi cha sentimita 3 vinafika sentimita 21. Mawili yanafika 42. Umbali kati ya vitanzi ni 45. Ndoana mbili haziwezi kukutana hata zikitaka. Ukibadilisha urefu wowote, rudia hesabu hiyo. Umbali kati ya vitanzi lazima uzidi jumla ya matawi, na tawi la chini lisifike kwenye chubwi.

Kiboya kikae wapi? Kikigusana na ndoana kinakuwa sehemu ya chambo, na samaki anayeuma anauma vyote viwili. Kwa ndoana ya duara hilo ni tatizo pale kiboya kinapoziba nafasi kati ya ncha na shina, maana ndoana hiyo inanasa kwa kuteleza hadi pembeni mwa mdomo na kugeuka, na ikizibwa haigeuki. Acha sentimita 2 au 3. Chambo kina pumzi, na bado kiboya kinakibeba.

Chubwi inayoteleza, na namna ya kupima kimo

Kwa chambo kikubwa kimoja, seti ya pili ni bora. Chubwi inateleza kwenye mshipi mkuu, ushanga unalinda fundo, halafu swiveli, halafu mshipi wa ndoana wa sentimita 45 hadi 60 wenye kiboya. Samaki akichukua chambo anaondoka nacho bila kuhisi uzito wa chubwi mara moja.

Shida ni kwamba maji yakitulia, kiboya chenye nguvu kitapandisha chambo hadi urefu wote wa mshipi huo, nusu mita juu ya mchanga, na huenda samaki unaowataka wanapita chini yake. Dawa ni risasi ndogo ya kubana. Ibane kwenye mshipi wa ndoana sentimita 10 kutoka kwenye kiboya. Risasi inazama, kiboya kinapanda, na chambo kinasimama kama sentimita 10 juu ya risasi. Unataka 20? Sogeza risasi. Hakuna njia rahisi zaidi ya kupima kimo ukiwa ufukweni. Risasi iwe nzito kidogo tu kuliko nguvu ya kuinua iliyobaki. Ijaribu kwenye ndoo ile ile. Nchini Uingereza uuzaji wa vipande vya risasi vya kuvulia kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35 ulizuiwa tangu 1987 kwa sababu batamaji walikuwa wakivimeza na kufa kwa sumu, hivyo vipande vya bati au vya tungsteni vinapatikana kwa wingi na vinafanya kazi ile ile.

Mkondo ndio mwamuzi

Kila nilichosema kuhusu kimo kinadhania maji yanatembea taratibu. Nguvu ya kiboya ya kuinua haibadiliki, lakini msukumo wa maji unaongezeka mara nne mkondo unapoongeza kasi mara mbili. Wakati wa bamvua, au kwenye mfereji ambamo maji ya mawimbi yanarudi baharini kwa kasi, tawi litalazwa hata ukiweka kiboya cha milimita 20. Tena kiboya kikubwa kinapata msukumo mkubwa, kwa hiyo kuongeza ukubwa hakulipi kama unavyodhani.

Siku kama hiyo tumia kiboya kidogo, cha milimita 8 au 10, au usitumie kabisa. Kidogo bado kinafanya chambo kicheze na kisifukiwe haraka. Siku za maji mafu, au kwenye lile bonde la maji yaliyotulia kati ya fungu la mchanga na ufukwe, ndipo kiboya kinapotoa thamani yake yote. Samaki hupita humo wakifuata ukingo, kaa wamejaa, na maji hayana haraka.

Kiboya kiache pia ukiwawinda taa na samaki bapa wanaolala mchangani. Hao hula chini, na kuwainulia chakula ni kuwaondolea. Hali kadhalika unapohitaji kila mita ya umbali: viboya viwili vya milimita 20 vinashika upepo vibaya.

Kuhusu rangi nitasema machache. Maji yakiwa na povu na mchanga, rangi ya chungwa au njano inasaidia samaki kupata chambo. Maji yakiwa maangavu chukua nyeupe, au punguza ukubwa. Mtu akikuambia rangi fulani haishindwi, muulize ameilinganisha na nini.

Chambo na mrusho

Kata ngisi au minofu kwa vipande virefu vyembamba, kama upana wa kidole kidogo, na uchome mara moja au mbili karibu na ncha ili mkia ubaki huru. Donge linazunguka kama pia wakati wa kuvuta na kulisokota tawi. Kipande kirefu kinapepea. Kamba wadogo na minofu laini vifunge kwa uzi wa mpira, mizunguko michache, kisha vuta uzi ukatike wenyewe, hauhitaji fundo. Hakikisha ncha ya ndoana iko wazi.

Rusha kwa mwendo mmoja laini unaoongeza kasi, bila mshtuko. Mshtuko unaangusha chambo laini, na kiboya kinaongeza mvuto wa hewa pale pale ndoana ilipo. Chubwi ikikaribia kugusa maji, bana mshipi kidogo kwa kidole ili matawi yanyooke nyuma ya chubwi badala ya kuiangukia. Subiri izame, kunja mshipi uliolegea mpaka uhisi uzito, kisha ivute nusu mita ijichimbie. Weka fimbo kwenye kishikio.

Ukitumia ndoana ya duara, samaki akivuta usishtue fimbo. Acha ncha ipinde, kisha anza kukunja kwa nguvu isiyobadilika. Ukishtua unaichomoa mdomoni kabla haijageuka.

Soma kinachorudi

Vuta seti baada ya dakika 15 au 20 na uichunguze, kwa kuwa ndiyo habari pekee unayopata kutoka chini.

Chambo kikirudi kimechanwachanwa kingo na mshipi wa tawi umekwaruzwa, kaa wanakifikia: ongeza nguvu ya kuinua, au sogeza risasi ya kubana mbali zaidi. Kikirudi kizima, kisafi, saa nzima, ama hakuna samaki hapo ama kiko juu yao. Badilisha kimo kabla ya kubadilisha mahali. Tawi likirudi limesokotwa kama kamba, chambo kinazunguka. Kata kipande upya au weka swiveli ndogo mahali tawi linapoungana na shina. Matawi yakiwa yamejifunga kwenye shina, kiboya ni kikubwa kwa mkondo huo, au nailoni ni laini mno, au kitanzi kililala na ukakipuuza.

Mwani ukikusanyika kwenye ushanga wa juu, toa ushanga huo na ubakize fundo la kuzuia peke yake, maadamu tundu la kiboya ni dogo.

Na kiboya kikirudi na alama za meno huku chambo hakijaguswa, samaki wanakiona kiboya kwanza. Una njia mbili. Unaweza kukishusha hadi kigusane na ndoana ili anayekiuma aume na ncha, ukihakikisha ni chembamba kiasi cha kutoziba nafasi ya ndoana. Au kitoe kabisa kwenye tawi la juu, ukiache kwenye la chini, na uone ndoana ipi inaumwa. Kikiwa kimekatwa nusu kwa pigo moja safi, meno ya namna hiyo yatakata nailoni ya milimita 0.45 pia, basi funga tawi la waya mwembamba kabla ya mrusho unaofuata.